Ng'ombe Aliyeninunia

Arusha, chini ya mlima Meru

Kwa mama yangu mzazi, Pangani.

Mama, shikamoo. Naiandika tena, shikamoo, maana ya kwanza naogopa itachoka njiani kabla haijafika Korogwe. Hujambo? Ile miguu bado inavimba jioni? Paa la jikoni liliezekwa, au mvua bado inaingia mpaka kwenye chungu? Na shemeji Hamisi, wewe unayemsomea mama barua hii, nakusalimu sana, ila tafadhali soma yote. Usiruke pale utakapoona nimefanya ujinga, na usiongeze chako.

Mimi mwili mzima. Baridi ya huku ni kali, asubuhi moshi unatoka mdomoni kama nimevuta kiko, lakini nimezoea. Ndizi nakula mpaka nimeanza kuziota. Kichwa ndicho kibovu, mama. Kichwa kimechanganyikiwa, na kisa chake ni ng'ombe, na maziwa, na kitoto kichanga cha watu. Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo na wewe utachanganyikiwa.

Unajua mimi shule sikukaa. Herufi nilizichungulia dirishani pale kwa watoto wa akida, na zilizobaki nikaziokota mwenyewe kwenye magunia na masanduku. Basi nilipofika hapa na mizigo kutoka Moshi, nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye masanduku, najifurahisha tu, Bwana Shule akanisikia. Huyu ni Mdachi anayesimamia shule ya hapa karibu na Boma. Akaniuliza, "Unajua kusoma?" Nikasema najua. "Na kuhesabu?" Najua. Mwalimu aliyekuwepo, mtu wa Tanga, alikuwa amerudi kwao na homa. Bwana Shule akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Basi wewe mwalimu." Mama, hivyo tu! Asubuhi mpagazi, mchana mwalimu.

Watoto wangu ni wadogo, wengine meno ya mbele hawana. Wako Wameru wanaoshuka kutoka mlimani na Waarusha wa huku chini wenye ng'ombe. Kiswahili wanakijua cha kuombea maji na kukimbilia, lakini wanajifunza haraka kunizidi mimi nilivyojifunza Kimeru chao.

Sasa Bwana Shule akaleta picha kubwa ya kitambaa kutoka kwao Udachi, akaitundika ukutani. Ina ng'ombe na ndama wake, mbwa na watoto wake, popo, na, mama, shika kiti, nyangumi! Akaniambia, "Hawa wote ni jamaa moja. Wanazaa, hawatagi mayai. Wana nywele. Mtoto ananyonya kwa mama yake. Wafundishe watoto. Nikirudi kutoka Moshi nitawauliza." Akapanda nyumbu wake, yule chotara wa punda na farasi, akaenda.

Nikabaki naitazama ile picha. Mimi mtoto wa Pangani naambiwa nyangumi si samaki! Yule aliyetupwa ufukweni nikiwa mdogo, si tulimzunguka wote? Nilimpapasa kwa mkono huu, hana unywele hata mmoja, anateleza kama sabuni. Lakini kwenye picha mtoto wake kweli amejibandika tumboni. Nikajiambia, Athumani, wewe fundisha, utaelewa baadaye.

Somo lenyewe sasa. Nikasema, "Mnyama anayenyonyesha, jamaa yake ni yule anayenyonyesha." Kuna mtoto wa Kimeru tunamwita Kisu kwa ajili ya ulimi wake. Akasimama, "Mwalimu, fahali hanyonyeshi. Yeye jamaa yake nani, kuku?"

Wote wakacheka. Nikasema, "Fahali alinyonya alipokuwa mdogo."

"Na popo?"

"Popo ananyonyesha."

"Akiwa ananing'inia? Maziwa si yatamwingia puani?"

Ningejibu nini, mama? Nimewahi kumtazama popo akinyonyesha mimi? Nikamwambia akae chini. Hapo akainuka mwingine wa Kiarusha, Lemayani, mtoto mpole, macho makubwa. Akauliza polepole, "Mwalimu, mdogo wangu ananyonya ng'ombe. Je, yeye jamaa yake ni ndama?"

Safari hii hakucheka mtu, maana wote wanajua. Mama yake Lemayani alifariki akijifungua mtoto wa kike. Baba yao yuko mbali kwenye kazi ya barabara ya Wadachi. Kitoto kinalelewa na bibi yao, ambaye wote tunamwita Koko, ndiyo bibi kwa lugha yao, na kinaishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu mwenye ndama. Nikamjibu Lemayani, "Mdogo wako ni mtu, kama wewe." Akaitika, lakini niliona jibu halikumtosha. Hata mimi halikunitosha.

Basi nikawaza, maneno matupu hayaingii kwa watoto hawa, wameshika chuchu za mbuzi kabla ya kushika kalamu. Waone kwa macho! Nikamwomba Lemayani, bibi yako atuletee ng'ombe na ndama wake shuleni, asubuhi moja tu. Koko akakubali. Siku ile akaja mwenyewe, mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shanga mpaka mabegani, kitoto mgongoni, ng'ombe mbele. Maana kwao kukamua ni kazi ya mwanamke, mwanamume akishika kiwele atachekwa mpaka azeeke.

Ndama nilimfunga kando ya mlango ili watoto wamtazame kwanza. Tukatazama nywele, tukatazama kiwele. Watoto wote wakataka kumgusa, wakasukumana, wakapiga kelele. Askari wa Boma nao wakaamua saa hiyohiyo kupuliza tarumbeta yao. Ng'ombe akaruka, pembe zikagonga mlango. Koko akamtuliza, ndama akafunguliwa, akanyonya kidogo, Koko akakamua kwenye kibuyu. Mama, somo lilikuwa tamu! Watoto wakaimba, "Ananyonya! Ananyonya!" Nilijiona mwalimu kweli. Na Koko kabla ya kuondoka akanimiminia maziwa kwenye kata yangu, kwa kuwa mimi mgeni na sina mama karibu.

Sasa nilichofanya ni kile ambacho ungefanya wewe, ambacho angefanya mtu yeyote wa kwetu. Nikawasha moto kwenye mafiga nyuma ya shule, nikayachemsha yale maziwa. Nikatia sukari na ile iliki uliyonifungia kwenye kitambaa. Harufu ikatoka, nikakukumbuka, nikawaita watoto tunywe wote.

Wameru wakaja wakicheka. Waarusha wakaja, wakaona sufuria linatokota, wakasimama kama wameona nyoka. Lemayani akapiga ukelele, "Mwalimu! Unamchoma ng'ombe wetu!"

"Ng'ombe gani? Ng'ombe si ameshaondoka na bibi yako?"

"Unamchoma! Maziwa yakiungua, yeye huku anaungua! Atakauka!"

Akakimbia kuelekea kwao, na wenzake nyuma yake. Kisu, mdomo umejaa maziwa, akaniambia, "Hao ndivyo walivyo, mwalimu. Maziwa wanakunywa mabichi. Hata nyama hawali siku waliyokunywa maziwa, eti ng'ombe atachukia." Nikacheka. Nakwambia kweli, mama, nilicheka, nikanywa kata nzima.

Kesho yake Lemayani hakuja. Jioni nikaenda kwao. Nje ya zizi nikakisikia kitoto kinalia, kile kilio cha kukauka koo. Koko akatoka akaanza kusema, akasema, mikono inaruka, shanga zinagongana, nami nimesimama tu. Alipopumua nikamuuliza Lemayani, "Amesema nini?"

"Amesema ng'ombe hashushi maziwa."

"Maneno yote yale?"

"Mengine ni ya kukutukana."

Ng'ombe alikuwa amekataa tangu asubuhi. Akikaribiwa anarusha teke. Kibuyu kimoja kilikuwa kimeshapasuka. Hata ndama akimsukuma kiwele anapata kidogo sana, kisha yule mama anasogea. Mama, mimi hapo nikaanza kueleza. Nikasema maziwa yakishatoka yametoka, yule ng'ombe hajui yamekwenda wapi. Nikasema labda ni tarumbeta. Labda ni watoto, walimtia hofu. Labda ni mimi kumfunga ndama mbali naye. Lemayani akatafsiri. Koko akasikiliza yote, akajibu neno moja.

"Anasema nini?"

"Anasema, hizo sababu zote ni zako."

Kweli zote ni zangu! Shika sababu hii, shika ile, aliyemwita ng'ombe shuleni ni mimi. Nilirudi naongea peke yangu njiani.

Ukitaka kuniuliza, majirani hawana ng'ombe? Wanao, lakini ni kiangazi, nyasi zimekauka, kila ng'ombe ana tone la ndama wake tu. Siku ya kwanza walimpa Koko kidogo. Ya pili wakaanza kuogopa, wakasema maziwa yao yakiingia nyumba ile na wao ng'ombe wao watakauka kwa ajili ya mwalimu. Kitoto kikawa kinapewa uji mwepesi kwa ncha ya kidole, kikiumeza kinatapika.

Nikakimbia kwa Mhindi mwenye duka, ambaye mimi humwandikia barua zake za Kiswahili. Akanipa kopo la maziwa ya Ulaya, lina picha ya ng'ombe mnene amesimama kwenye majani. Nikalipeleka mbio, nimefurahi, nikalitoboa mwenyewe. Koko akaligeuza, akanusa, akagonga kwa ukucha. Akauliza maswali, na Lemayani akayaleta moja moja: "Ng'ombe huyu yuko wapi? Nani alimkamua? Ndama wake alikunywa kwanza? Jina lake nani?"

Mama, nijibu nini? Nikasema sijui. Koko akanirudishia kopo mkononi polepole, bila hasira, kama unavyomrudishia mtoto kijiwe alichokuletea. "Anasema maziwa ya mama asiyejulikana hawezi kumpa mtoto." Nami ndipo likanishika jambo. Mimi nilikuwa nafundisha kwamba hawa jamaa wote mtoto ananyonya kwa mama yake, nami nimesimama na kopo la chuma nataka kunyonyesha mtoto! Sijui kama unaelewa. Mimi mwenyewe naelewa na kupotea, naelewa na kupotea.

Nikapanda mlimani. Nilikumbuka kwetu mtoto akifiwa na mama, mwanamke mwingine anamchukua anampa titi, wanakuwa ndugu wa ziwa moja na yamekwisha. Karibu na njia ya Nkoaranga yuko shangazi yake Kisu, amejifungua juzi. Nikamweleza, Kisu akanisaidia. Yule mama alinionea huruma, lakini mumewe akasema, "Kitoto cha Waarusha? Hao waliochukua mbuzi za babu yangu?" Akaniuliza kama nimetumwa na Boma. Nikasema sikutumwa. "Basi kama hukutumwa, shuka." Nikashuka.

Siku iliyofuata asubuhi Lemayani akaja shuleni, si kusoma. Akasimama mlangoni. "Koko anakuita. Anasema mdogo wangu halii tena."

Nikadhani amekufa. "Amekufa?"

"Hajafa. Hana nguvu ya kulia."

Tulikimbia, na darasa lote nyuma, sikuwaita, walikuja tu. Koko alikuwa amekaa karibu na ng'ombe, kitoto mapajani, kidogo, macho wazi yanatazama mahali pasipo na kitu. Akaniambia, na Lemayani akatafsiri: "Umemkosea. Mwombe radhi."

"Nakuomba radhi, Koko. Nakuomba sana."

"Si mimi," akasema. Akaonyesha kwa mdomo. "Yeye."

Mama, shemeji Hamisi, mwalimu wa chuoni, yule wa Kurani, asilisikie hili. Mimi nimwombe radhi ng'ombe! Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba mnyama haombwi radhi, kwamba kuna sababu, tarumbeta, ndama. Nikakitazama kitoto. Basi nikainama nikang'oa majani mabichi pembeni ya mfereji, maana huku mtu anayetaka amani huja na majani mkononi, hilo nilikuwa nimeliona. Nikaenda nikasimama mbele ya pembe zake. Nikasema, "Ng'ombe, nisamehe. Mimi mgeni. Sikujua."

Ng'ombe akanitazama kwa jicho moja. Kisha Lemayani akanivuta shuka, akaninong'oneza, "Mwalimu, hajui Kiswahili."

Kisu akacheka, akazibwa mdomo na wenzake. Lemayani akanisemea maneno ya kwao, moja moja, nami nikayafuata, sijui hata moja maana yake, labda niliahidi kumwoa. Nikayasema yote. Ng'ombe akanusa, akavuta majani, akatafuna.

Koko akamkabidhi mmoja wa watoto kile kichanga. Akamleta ndama, akamwacha asukume kiwele. Akachuchumaa ubavuni, akaanza kumwimbia yule ng'ombe, wimbo wa chini sana, kama wa kubembeleza mtoto. Watoto wangu wote, wale wenye kelele, hakuna aliyekohoa. Nami nimesimama pale nikisubiri teke.

Halafu nikasikia. Kwanza tone. Kisha mlio ule, mama, wa maziwa yakipiga ndani ya kibuyu. Koko hakuacha kuimba wala hakunitazama. Alipopata kiasi akachovya kidole, akakitia mdomoni mwa kitoto. Kikakaa hivyohivyo. Akachovya tena. Kikameza. Mara ya tatu kikakishika kidole chake kwa fizi hakitaki kukiachia, na Koko akatoa sauti, sijui ni kicheko ama ni nini, na mimi nikageuka nikatazama mlima.

Sasa niambie, mama, wewe uliyelea watoto na mbuzi na wajukuu. Ni nini kilichomrudisha? Ni majani? Ni wimbo? Ni ule ukimya? Ni hofu iliyomtoka yenyewe, na angeshusha hata bila mimi? Nilimuuliza Koko. Lemayani akaleta jibu: "Anasema, wewe unauliza kwa nini. Yeye anauliza, kesho utakuja?" Anataka niwe nakuja kila jioni na majani, nisimame pale pale anapokamua, mpaka ng'ombe anizoee. Nami nakwenda. Mwalimu wa shule ya Wadachi, kila jioni na kitita cha majani, nimesimama mbele ya ng'ombe kama mposaji.

Juzi Bwana Shule akarudi. Akasimama mbele ya picha yake, akauliza watoto, "Hawa jamaa yao ni ipi?" Nilifumba macho. Lemayani akainuka. "Ni wale ambao ukimkosea mama, mtoto analala njaa."

Bwana Shule akasema, "Nini?" Lemayani akarudia, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Bwana Shule akaonyesha nyangumi. "Na huyu?" Lemayani akafikiri, akasema, "Huyu sijui. Sijamwona akikasirika."

Bwana Shule alinitazama mimi, akaitazama picha, akaandika jambo, akatoka. Sijui aliandika nifukuzwe au nibaki. Kila nikisikia kwato nadhani ni nyumbu wake. Nikifukuzwa nitarudi kubeba mizigo, mabega bado yapo. Kinachonishangaza ni kwamba siwezi kusema mtoto yule alikosea. Wala siwezi kusema alipatia. Nywele hakuzitaja, mayai hakuyataja. Lakini tangu hapo kila nikisimama mbele ya ile picha, naona maneno yake tu.

Mama, msalimie dada Mwanaidi, mkewe Hamisi, na mwanawe anayeota meno. Mwambie amnyonyeshe akiwa ametulia, asigombane na mtu. Nisalimie babu mwenye mashua zilizotoboka, na mjomba mshona kofia, na bibi jirani anayekuazima kinu. Mwalimu wa chuoni msalimie pia, ila usimweleze mengi. Shemeji, asante kwa macho yako.

Jua limeegemea mlima na Lemayani ameshasimama mlangoni, ananiambia Koko ameshachuchumaa, ng'ombe anageuza shingo kutazama njia, na kitoto kimeanza kulia. Kinalia kwa nguvu, mama, mpaka huku shuleni nasikia. Naacha kalamu, nakwenda kung'oa majani.

Mwanao anayekupenda, asiyejua mengi kama alivyodhani,

Athumani